Maswali yanayoulizwa sana: vipokezi vya seli za kinga vinafunguliaje asidi za mafuta wakati wa inflamesheni

Ukisoma juu ya inflamesheni, yaani uvimbe, joto na maumivu kinga inapopambana, mara nyingi unaanzia katikati, unakutana na prostaglandini (ujumbe wa kemikali unaoleta maumivu na homa) na COX-2 (kimeng'enya kinachozitengeneza) na dawa za maumivu, lakini hatua iliyotangulia hayo yote haielezwi, yaani kipokezi (protini ya seli inayonasa ishara) kimeguswa na kitu, halafu sekunde chache baadaye asidi ya mafuta inachomoka kwenye utando wa seli. Ukiielewa hiyo hatua, dawa karibu zote za inflamesheni zinaanza kueleweka zenyewe. Ndo maana maswali mengi hapa chini yanazunguka hapo.

Asidi ya mafuta inayozungumziwa hapa ni ipi?

Zinatoka kadhaa ila yenye kazi kubwa ni asidi arakidoniki. Ina kaboni 20 na bondi mbilimbili 4, ni ya kundi la omega-6, tunaipata moja kwa moja kwenye nyama na mayai au mwili unaitengeneza kutoka asidi linoleiki iliyopo kwenye mafuta ya mimea. Seli tulivu haiiachi izurure, imefungwa kwenye fosfolipidi, yaani molekuli za mafuta zinazojenga utando, na kawaida inakaa nafasi ya pili kati ya zile nafasi tatu za gliseroli, ambayo ni uti wa fosfolipidi. Hiyo nafasi ya pili ishike, tutairudia.

Kwa hiyo ni mafuta ya tumboni na mapajani?

Hapana, na huu mchanganyo uko kila mahali. Mafuta ya akiba yamehifadhiwa kama trigliseridi ndani ya seli za mafuta na yanakatwa na vimeng'enya vingine kabisa kwa ajili ya nishati. Ni kweli inflamesheni inaweza kuyagusa pia, mfano TNF, protini ya ujumbe ya kinga (saitokini), inazisukuma seli za mafuta ziachie asidi zake, ila hiyo ni njia nyingine. Hapa tunaongelea utando wa seli ya kinga yenyewe, kiasi kidogo sana, na lengo ni ujumbe, sio nishati.

Kipokezi chenyewe ndo kinachokata asidi?

Hapana. Kipokezi kinagundua tu, mkataji ni kimeng'enya kinachoitwa fosfolipesi A2, na aina inayohusika zaidi hapa ni ile ya saitoplazimu, cPLA2. Jeni yake ilisomwa mwaka 1991, ni protini yenye uzito wa kilodaltoni 85 hivi, na ina sifa moja iliyowafanya watafiti waikazie macho: kati ya asidi zote zinazoweza kukaa ile nafasi ya pili inapendelea asidi arakidoniki. Zipo fosfolipesi A2 nyingine nyingi, kuna zinazotolewa nje ya seli na kuna zisizohitaji kalsiamu, na zina mchango wake, lakini panya waliozaliwa bila cPLA2 (makundi mawili ya watafiti yaliwaripoti mwaka 1997) makrofeji zao (seli za kinga zinazomeza adui) zilishindwa kabisa kutengeneza prostaglandini na leukotrieni, ujumbe mwingine unaotoka asidi arakidoniki, kwa kiwango cha kawaida. Hiyo kwangu ilimaliza ubishi wa nani mkataji mkuu.

Sasa ishara inatokaje kwenye kipokezi mpaka ifike kwa mkataji?

Tuchukue seli ya masti, seli ya kinga inayoleta mizio, kwa sababu njia yake inajulikana vizuri. Juu yake kuna kipokezi cha FcεRI ambacho muda wote kimeshikilia kingamwili za IgE. Kinga ikishazoea kuichukia chavua fulani, IgE za chavua hiyo zinakaa pale zikisubiri tu. Chavua ikija inashika IgE mbili au zaidi kwa pamoja na kuvivuta vipokezi vikaribiane, na huko kukaribiana ndo kunawasha mambo. IgE moja ikishikwa peke yake haitoshi.

Vikishakaribiana, kinesi inayoitwa Lyn inabandika fosfeti kwenye mikia ya kipokezi iliyoingia ndani ya seli, kinesi nyingine, Syk, inakuja inanasa kwenye zile fosfeti, na Syk inaziamsha protini zinazofuata mpaka tunafika kwa fosfolipesi C gama. Angalia jina vizuri, hii ni C sio A2, yenyewe haitoi asidi arakidoniki, inakata fosfolipidi nyingine na kutoa vipande viwili, IP3 na diasiligliseroli. IP3 inaenda kufungua vifuko vya ndani ambako seli imehifadhi kalsiamu. Vifuko vikianza kuisha protini ya STIM1 inahisi upungufu huo na kufungua mlango wa Orai1 kwenye utando wa nje, kalsiamu inamiminika toka nje. Na inamiminika kweli maana kwenye seli tulivu kalsiamu huru ya ndani iko nanomola 100 hivi wakati nje ni zaidi ya milimola 1, tofauti ya mara elfu kumi na zaidi.

Wakati huohuo upande mwingine Syk na wenzake wanawasha protini ya Ras, Ras inawasha mnyororo wa kinesi za MAPK, na ERK ambayo iko mwishoni mwa mnyororo inaenda kubandika fosfeti kwenye cPLA2 mahali panapoitwa serini 505.

Kwa hiyo kipokezi kimoja kimetoa ishara mbili, kalsiamu na fosfeti, na zote mbili zinakutana kwenye cPLA2.

Kwanini ziwe mbili? Moja haitoshi?

Kila moja ina kazi yake. Kalsiamu inashika sehemu ya mbele ya cPLA2, kikoa cha C2, na kuifanya igande kwenye utando. Bila kugusa utando kimeng'enya hakiwezi kukata kitu kwa sababu chakula chake kiko ndani ya utando, hakielei kwenye maji ya seli. Fosfeti ya serini 505 kazi yake ni kukiongezea nguvu na kukisaidia kibaki pale hata kalsiamu ikianza kushuka. Ni kama sanduku la funguo mbili, kila ufunguo kwa mtu wake.

Na kuna sababu nzuri ya kufanya hivo. Kalsiamu inapanda na kushuka kwenye seli kwa mambo mengi tu yasiyohusu adui, seli ikitembea, ikijishikiza, ikipokea ujumbe mdogomdogo. Kama kila kupanda kwa kalsiamu kungemwaga asidi arakidoniki kwa wingi tungekuwa na homa na mafundo ya maumivu kila siku bila sababu. Kudai ishara mbili ni njia ya seli kuhakikisha kweli kuna jambo.

Vipokezi vyote vya kinga vinafanya hivyohivyo?

Hapa ndo patamu na ndo panaposahaulika kwenye maelezo mengi, havifanani hata kidogo.

Vipokezi vya Fc kwenye makrofeji, vile vinavyoshika IgG iliyovaa bakteria, vinatumia Syk karibu sawa na seli ya masti, na vinatoa asidi kwa nguvu huku seli ikimmeza adui. Dektini-1 inayotambua ukuta wa fangasi nayo inapitia Syk, ndo maana zimosani, yaani vipande vya ukuta wa hamira, imekuwa kipenzi cha maabara kwa miaka mingi: ukiwapa makrofeji zimosani wanaachia asidi arakidoniki ya kutosha ndani ya saa moja.

Nyutrofili, seli nyeupe za damu zinazowahi kufika kwa adui, wana kipokezi cha peptidi (vipande vya protini) zenye formili, ambazo ni saini ya bakteria kwa sababu bakteria wanaanza kutengeneza protini zao na methionini yenye formili. Mitokondria zetu pia zinafanya hivo, kwa hiyo seli zetu zikipasuka nyutrofili wanaitika vilevile. Kipokezi hiki hakitumii Syk kwenye hatua ya kwanza, kinatumia protini G na fosfolipesi C beta, ila mwisho wa safari ni kulekule, kalsiamu na MAPK.

P2X7 ni rahisi kuliko wote. Ni mlango wenyewe. ATP ikimwagika nje toka kwenye seli inayokufa inaufungua na kalsiamu inaingia moja kwa moja.

Halafu kuna TLR4, ile inayotambua lipopolisakaridi ya ukuta wa bakteria, iliyompa Bruce Beutler sehemu ya Nobel ya 2011. Watu wengi wanadhani lazima hii ndo iwe kinara wa kutoa asidi kwa vile ndo maarufu. Ukweli ni kwamba ikiwa peke yake inatoa kidogo na polepole, kwa sababu inawasha MAPK vizuri lakini haipandishi kalsiamu kama wenzake. Kazi yake kubwa ni kuiandaa seli. Inabandika fosfeti kwenye cPLA2, inawasha jeni ya COX-2, halafu seli inakaa tayari. Ikija ishara ya pili yenye kalsiamu, mfano ATP kupitia P2X7, kinachomwagika ni kingi kuliko jumla ya kile ambacho kila ishara ingetoa ikiwa pekee. Ukifikiria inaleta maana sana: kuna bakteria NA kuna seli zetu zinazokufa, hiyo ni hali tofauti kabisa na bakteria kupita tu jirani.

Inachukua muda gani?

Kalsiamu inapanda ndani ya sekunde. cPLA2 inahamia kwenye utando ndani ya dakika moja au zaidi kidogo, na leukotrieni zinaanza kupimika ndani ya dakika chache. Prostaglandini za COX-1 nazo zinakuja mapema. Wimbi la pili la prostaglandini linasubiri COX-2 itengenezwe upya toka kwenye jeni, hiyo ni masaa. Kwa hiyo mtu akisema prostaglandini zinachelewa na mwingine akasema zinawahi wote wanaweza kuwa sahihi, wanaongelea mawimbi tofauti.

Kama kipokezi kiko utando wa nje, mbona kimeng'enya kinakimbilia utando wa kiini?

Ni kweli, cPLA2 ikiwashwa mara nyingi inaonekana kwenye Golji na kwenye retikulamu ya endoplazimu (vyumba vya utando ndani ya seli) na kwenye utando unaozunguka kiini cha seli. Sababu ni kwamba huko ndiko walipo wanaosubiri asidi. COX-1 na COX-2 zimekaa kwenye utando wa retikulamu na wa kiini, na protini ya FLAP inayoikabidhi asidi kwa 5-lipoksijenesi imekaa kwenye utando wa kiini. Asidi arakidoniki haipendi maji, kwa hiyo kuikatia mbali na watumiaji ni kuipoteza.

Ikishatoka inaenda wapi?

Njia kuu ni tatu, na ya tatu wengi hawaitaji.

Ya kwanza ni COX, inatoa prostaglandini na tromboksani. PGE2 inapanua mishipa midogo, inaifanya neva ya maumivu iwe nyepesi kushtuka, na kwenye ubongo, eneo la haipothalamasi, ndo inayopandisha kipimo cha joto mpaka unapata homa. Tromboksani A2 inatoka kwenye chembe sahani (zile chembe za damu zinazoziba jeraha) na inazigandisha.

Ya pili ni 5-lipoksijenesi, inatoa leukotrieni. LTB4 inawaita nyutrofili, na nyutrofili wakifika wanatoa LTB4 yao wenyewe wanaita wenzao, kwa hiyo wito unasambaa mbali kuliko pale ulipoanzia. LTC4 na ndugu zake LTD4 na LTE4 zinabana njia za hewa na kuvujisha mishipa. Hizi zina historia ndefu: mwaka 1938 Feldberg na Kellaway waliona kuna kitu kinabana misuli polepole na kwa muda mrefu, tofauti na histamini, na hakikujulikana ni nini hasa mpaka kundi la Bengt Samuelsson lilipotoa majibu mwaka 1979. Miaka arobaini na moja.

Ya tatu ni kurudi nyumbani. Sehemu kubwa ya asidi iliyokatwa inakamatwa tena na kurudishwa kwenye fosfolipidi, mzunguko ambao William Lands aliuelezea mwaka 1958. Hata kwenye seli tulivu asidi inakatwa na kurudishwa muda wote. Kwa hiyo kinachopimwa kama "asidi iliyotoka" ni tofauti kati ya spidi ya kukata na spidi ya kurudisha, na kipokezi kinashinda kwa kukata haraka kuliko seli inavyoweza kurudisha.

Na kile kipande cha fosfolipidi kilichobaki baada ya kukatwa? Nacho hakitupwi, kwenye baadhi ya seli kinageuzwa kuwa PAF, ujumbe mwingine mkali wa inflamesheni. Mkato mmoja, bidhaa mbili.

Nani anazima haya yote?

Kalsiamu inapampiwa nje, fosfeti zinabanduliwa, asidi inarudishwa kwenye utando. Lakini kuna jambo zuri zaidi ya hapo. PGE2 ileile inayoleta homa na maumivu, ikikusanyika kwa masaa inawafanya nyutrofili waanze kuwasha vimeng'enya vya kutengeneza lipoksini, ambazo Charles Serhan na Samuelsson waliziripoti mwaka 1984, na lipoksini zinawaambia nyutrofili waache kuja na makrofeji wasafishe. Lipoksini zinatoka asidi arakidoniki hiyohiyo! Naomba sana watu wanaopenda kuiita asidi hii "mafuta mabaya" walifikirie hili, kwa sababu bila yenyewe jeraha halianzi vizuri na pia halifungi vizuri.

Aspirini na ibuprofeni zinazuia asidi isitoke?

Hapana. Asidi inatoka kama kawaida, zinachozuia ni COX kuitumia. John Vane alionesha hilo kwa aspirini mwaka 1971, na mwaka 1982 aligawana Nobel na Sune Bergström na Samuelsson. Aspirini inabandika asetili kwenye COX na haibanduki tena, ibuprofeni inakaa halafu inaondoka. Chembe sahani hazina kiini, haziwezi kutengeneza COX mpya, ndo maana dozi ndogo ya aspirini inazishika kwa maisha yao yote, siku 7 hadi 10 hivi.

Nina pumu, nimesikia aspirini inaweza kunibana kifua. Inahusiana?

Inahusiana moja kwa moja, na tafadhali lichukulie kwa uzito. Kwa baadhi ya watu wenye pumu, hasa wenye vinyama vya puani, ukizuia COX-1 unaondoa PGE2 ambayo kwao ndo ilikuwa breki ya seli za masti na ya leukotrieni. Breki ikitoka leukotrieni zinapanda ghafla na njia ya hewa inabana ndani ya saa chache au chini ya hapo. Sio aspirini tu, ibuprofeni, diklofenaki na ndugu zao wanaweza kufanya hivohivo. Kama imeshakutokea mwambie kila daktari na kila mfamasia unayekutana naye, na kabla ya kumeza dawa mpya ya maumivu uliza kwanza. Dawa kama montelukasti inafanya kazi upande wa pili wa hadithi hii, inaziba kipokezi cha leukotrieni za kundi la LTD4, ila ni ya kuzuia, mtu akiwa ameshabanwa inhela yake ya dharura ndo ya kukimbilia pamoja na msaada wa haraka wa hospitali.

Na steroidi?

Hizi zinapiga juu zaidi. Zinaingia kwenye seli, zinashika kipokezi chao na kubadilisha jeni zipi zisomwe: jeni ya COX-2 inanyamazishwa, protini ya aneksini A1 inaongezeka na kupunguza kazi ya fosfolipesi, protini za kuzima MAPK zinaongezeka. Kwa vile zinapitia kwenye jeni zinahitaji masaa, na ndo maana steroidi ya kuvuta inatumiwa kila siku hata siku unayojisikia mzima. Ukiikatiza kwa sababu "sijabanwa wiki hii" unaondoa kitu ambacho ndo kilikuwa kinafanya usibanwe.

Omega-3 inabadilisha chochote?

Inabadilisha kilichopo nafasi ya pili. Ukila samaki wa mafuta kwa wiki na miezi, sehemu ya asidi arakidoniki kwenye utando inabadilishwa na EPA, yenye kaboni 20 na bondi mbilimbili 5. Kipokezi kikiita, kinachokatwa ni mchanganyiko, na LTB5 inayotoka kwa EPA ni dhaifu sana ukilinganisha na LTB4. Pia EPA na DHA ndo malighafi ya resolvini, ambazo zinasaidia kufunga inflamesheni. Hiyo biokemia ni imara. Kuruka kutoka hapo na kusema kidonge cha mafuta ya samaki kinatibu ugonjwa fulani ni jambo lingine, kila ugonjwa una ushahidi wake na kwa mingi ushahidi ni wa kawaida tu. Usiache dawa yako kwa ajili yake.

Mbona basi wasitengeneze dawa ya kuizuia cPLA2 yenyewe, wamalize kila kitu kwa mpigo?

Wamejaribu, vizuizi vipo na vingine vimefika mpaka majaribio ya binadamu. Ugumu ni kwamba kimeng'enya hikihiki kinatumika na mwili kwa kazi za amani. Wale panya wa 1997 wasio na cPLA2 walikuwa na mizio hafifu, habari njema, ila majike walipata shida kubwa ya uzazi, maana uchungu wa kuzaa unategemea prostaglandini. Na wapo watu wachache sana waliozaliwa na kasoro kwenye jeni hii, wanapata vidonda vingi kwenye utumbo mwembamba na chembe sahani zao hazigandi inavyotakiwa. Tumbo na utumbo vinajilinda kwa prostaglandini kila siku bila vita yoyote. Mimi naona njia yenye matumaini zaidi ni kuzuia mapema, pale kwenye kipokezi husika, kama dawa ya omalizumabu inavyofanya: inaikamata IgE kabla haijakaa kwenye FcεRI, seli ya masti inakosa cha kuiwasha, na cPLA2 ya tumboni inaendelea na kazi zake.